Lebo Chini ya Meza

Kazi aliyopewa Vedasto ilionekana ya kitoto: zunguka ghorofa mbili za kampuni ya bima, bandika lebo kwenye kila kompyuta, andika iko kwa nani. Mwaka elfu mbili ulikuwa unabisha hodi, na wakubwa wa pale Saint Paul walitaka kujua mashine zipi zingezimika kwa kushindwa kusoma tarehe mpya na zipi zingepona. Msomi mzima, katoka Bukoba na digrii moja, kaongeza ya pili ughaibuni, Minneapolis, angeshindwaje kubandika lebo?

Akashindwa. Na kilichomponza ni adabu.

Kompyuta za siku zile zilikuwa vitu viwili: skrini juu ya meza, na boksi lenye mashine yenyewe sakafuni, karibu na miguu ya mwenye meza. Lebo ilitakiwa ikae kwenye boksi. Sasa, wenye meza wengi walikuwa wanawake, na wengi wao walivaa sketi. Vedasto alilelewa na mama asiyeruhusu mwanamume kuinama hata kuokota kijiko mbele ya magoti ya mke wa mtu. Aje leo atambae chini ya meza na tochi? Thubutu! Akabandika lebo zote kwenye skrini, akarudi zake nyumbani Brooklyn Park ameridhika.

Hakujua kwamba skrini za ofisini hazitulii. Aliyeona kubwa aliibeba. Aliyeumwa macho alichukua ya jirani aliyekwenda likizo. Maboksi yalibaki chini, lebo zikatembea. Jumatatu moja wakaja wachukuzi wa mashine kuukuu, orodha ya Vedasto mkononi. Wakafuata lebo kwa uaminifu, wakabeba kompyuta mpya ya mkuu wa madai na kuliacha gofu la zamani likikoroma.

Ilirudishwa siku hiyohiyo, lakini Stacy, bosi wake, alikwishamwita ofisini. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mkataba wako unaisha Ijumaa," alisema, macho kwenye karatasi. "Nilitaka kukupa ajira ya kudumu. Niletee orodha ya kweli, kila mashine ionekane. Ikikosekana hata moja, sina la kukutetea."

Bila ajira hapakuwa na kibali cha kuishi nchini, na mkewe Imelda alikuwa ameshaanza kununua nguo za mtoto.

Vedasto alichukua karatasi za manunuzi, zenye namba za kiwandani, akaanza upya. Namba zile zilikuwa nyuma ya boksi, na boksi lilikuwa palepale, kwenye miguu ya watu. Akasimama mbele ya meza ya Kemunto, Mkenya wa idara ya madai, akasimama weee.

"Vedasto, mbona umesimama hapo kama askari wa benki?"

"Naomba namba iliyo nyuma ya boksi lako, dada."

"Si uangalie?"

Akaigeuzageuza tochi mkononi. Kemunto akaitazama tochi, akaitazama sketi yake mwenyewe, akaelewa. Alicheka mpaka majirani wakageuka.

"Yaani ndio maana uli-stick lebo kwa screen? Na ukanyamaza tu! Mficha uchi hazai, ndugu yangu. Piga hodi vile unapiga kwa nyumba ya mtu. Mimi nainuka, naenda ku-make kahawa yangu, wewe unaingia."

Dawa yenyewe ndogo namna hiyo! Vedasto alijichukia. Alitaka kujizaba kofi hadharani.

Akaanza kugonga meza za watu kwa kidole, kungoja wainuke, kisha kutambaa. Alikula vumbi. Aling'oa waya kwa bahati mbaya, mtu akalia kwamba kazi yake ya asubuhi nzima imepotea. Akimaliza safu moja, kesho yake anakuta jamaa wa uhasibu kahamisha mashine. "Nimeisogeza tu dirishani," anasema jamaa, kama anayezungumzia chungu cha maua. Vedasto alitabasamu, na moyoni alimtukana kwa Kihaya.

Ijumaa mchana mashine zote zilikuwa zimeonekana, isipokuwa moja. Alipekua stoo, akachungulia nyuma ya mashine ya fotokopi. Haipo. Alikaa kwenye ngazi, kichwa mikononi, akamfikiria Imelda na zile nguo ndogo. Hapo ndipo alipokumbuka kuna meza moja ambayo hajainama chini yake. Ya bosi.

Stacy alikuwa kwenye simu. Vedasto alipiga hodi.

"Naomba uinuke."

"Yangu ulishaibandika."

"Nilibandika skrini. Naomba uinuke."

Akainuka, simu sikioni, uso umekunjamana. Vedasto akaingia chini, akamulika. Akaisoma namba mara mbili.

"Iko hapa. Mashine iliyopotea."

"Oh, hiyo," ilisema sauti juu yake. "Yangu ilikuwa nzito kufunguka, nikabadilishana na watu wa uhasibu wakati wa kiangazi. Nilisahau kabisa." Akarudi kwenye simu yake, akicheka.

Amesahau! Hakusema hata samahani. Vedasto alihisi damu ikimpanda kichwani. Wiki nzima ya kutambaa, usingizi hakuna, na mwizi amekalia kiti cha hakimu! Siku nyingine angetoka akisema hamna shida. Safari hii alibandika lebo kwenye boksi, akaikandamiza kwa dole gumba, kisha akachomoza mkono na fomu juu ya ukingo wa meza.

"Weka sahihi, kwamba uliihamisha wewe."

Stacy alifunika simu. "Sasa hivi?"

"Sasa hivi," alijibu, bila kutoka.

Kisha akasikia kalamu ikikwaruza.

"Jumatatu usije hapa," Stacy alisema, akiirudisha fomu. "Sasa wewe ni wetu wa kudumu. Nenda tawi la Anoka. Kule hakuna hata lebo moja."

Vedasto aliinua kichwa ashukuru, akakigonga kwenye meza.