Vitumbua vya Kwenda Kwao Take

Usiku wa jana, kabla sijageuka hata ubavu wa pili, niliota kitenzi cha Kiingereza kimekaa jikoni kwangu, kinafunga mizigo. Nilikitambua mara moja. Ni Take, yaani chukua, ambaye leo natakiwa kumfundisha darasani, kidato cha kwanza: maana yake, asili yake na matumizi yake.

"Hata hodi hupigi?" namuuliza.

"Uniwie radhi, mwalimu. Naenda kwetu kumwona mama."

"Kwenu si Uingereza?"

"Wee! Uingereza niliazimwa tu. Waliniacha mabaharia wa kaskazini, zamani hizo. Waingereza walikuwa na kitenzi chao cha kuchukulia, babu wa watu, nikamsukuma mpaka akatoweka. Tangu hapo hakuna aliyekumbuka kunirudisha."

Kumbe! Nami miaka yote namfundisha kama mwenyeji. Nikavuta kigoda nimhoji vizuri, mara mwanangu Nasra akaanza kulia chumbani. Naenda kumchukua. Mikono inamgusa, haimchukui. Najaribu tena, inateleza kama imepakwa sabuni. Hofu ikanishika.

"Take! Mbona mwanangu hachukuliki?"

"Nimeshafunga mizigo," anasema taratibu. "Nikiondoka, naondoka na kazi yangu."

"Lakini sisi tunasema kuchukua! Wewe unatuhusu nini?"

"Umelala na somo langu kichwani. Humu ndotoni sheria ni zangu."

Nasra analia mpaka sauti inamkauka, nami mama mtu nimesimama tu.

"Basi nenda upesi, msalimie mama, urudi!"

Take hasogei. "Nitaendaje mikono mitupu? Niazimwe miaka yote hiyo, halafu nirudi bila chochote? Mama atanionaje?"

Aa, hilo nalijua. Mtaani kwetu Tanga bakuli la jirani hulirudishi tupu, hata kama ni ndimu mbili, utatia. Mezani palikuwa na bakuli la Bi Mwanahawa, jirani yangu, na vitumbua alivyotuletea jioni.

"Chukua hivyo," nikamwambia. Yeye peke yake ndiye aliyeweza kuchukua.

Jikoni sasa ni ufuko wenye barafu. Mama yake Take, bibi mnene aliyejitanda ngozi ya kondoo, anatafuna kitumbua, macho kayafumba.

"Hii ni nini humu ndani?"

"Iliki, mama," namjibu.

Anakula cha pili. Kisha anamwambia Take, "Rudi kazini, mwanangu, nilitaka kukuona tu. Bakuli la watu nitalirudisha mwenyewe."

Papo hapo Nasra akawa kifuani kwangu, mzito, ana jasho. Nilimbana mpaka akalalamika.

Nikaamka, bado nimembana. Mume wangu, Shekue, alikuwa anaita kutoka jikoni.

"Mama Nasra! Vitumbua viko wapi? Na huyu samaki mkavu kwenye bakuli la Bi Mwanahawa umemtoa wapi? Wa baridi, utadhani katoka kwenye friji, na sisi friji hatuna."

"Usimguse," nikamwambia. "Huyo ni wa Bi Mwanahawa."