Lishushe Gitaa Langu

Limi ndiye mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Ngokolo, lakini siku fundi mitambo Rushabh alipowasikilizisha albamu yao iliyokamilika, hakufurahi hata chembe kusikia gitaa lake likinguruma juu ya vyombo vyote. Sauti ya Mwigulu, mwimbaji wao, ilikuwa imedidimia kabisa. Mwigulu aliwahi kuchimba dhahabu Mwakitolyo, na katika wimbo mmoja wa albamu hiyo aliwataja kwa majina wenzake waliofukiwa na kifusi duarani, ndani ya shimo la machimbo. Hakuna jina hata moja lililosikika.

"Roki ni gitaa, dada," Rushabh alijitetea. "Halafu sauti yake inakwaruza."

"Inakwaruza kwa vumbi la mawe!" Limi alifoka. "Umewafukia watu mara ya pili, kisha unanisifia gitaa? Lishushe!"

"Wimbo utapoa."

"Na upoe!"

Rushabh akashusha gitaa, akapandisha sauti, akaondoa na mwangwi aliokuwa ameipambia. Majina yakatoka moja moja, makavu, na mkwaruzo wake. Mwigulu akavua kofia. Limi, angali na hasira, akasema, "Haya, sasa nyimbo zilizobaki."