Mfuko wa Kushoto

Kama hujawahi kukaa ndani ya tenga la dobi, chini ya makoti ishirini yaliyotoka kupigwa pasi, usithubutu. Kiroboto, binti wa miaka kumi na minne, alikuwa anaiva humo kama kiazi, na pua inamwasha kwa harufu ya sabuni.

"Ukipiga chafya tumekwisha," Bibi yake, dobi wa kiwanda, alinong'ona, akisukuma tenga lenye magurudumu kuelekea lango la kiwanda.

"Bibi, leo mzigo mzito!" mlinzi akasema. "Na juu hapandi mtu ila mwenye kazi. Amri ya naibu meneja."

"Nani kakwambia sina kazi? Nikirudi na makoti haya, huyo naibu atavaa nini?"

Mlinzi akacheka, akafungua.

Mambo yalianza jana jioni. Mjomba, mchoraji wa pampu kiwandani hapo, alirudi nyumbani uso umemshuka. Michoro ya pampu mpya imeibwa, na kamera imemnasa mwizi akiwa na koti jeupe lenye namba saba mgongoni. Namba saba ni Mjomba, hakuna mwingine. Kesho yake saa nne angekabidhiwa polisi.

"Mama, sijaiba," alimwambia Bibi, machozi yakamtoka. Kiroboto hakuwahi kumwona mjomba wake akilia, na roho ilimuuma vibaya mno.

Asubuhi Bibi alipochambua makoti machafu ya jana ya kiwanda, alikuta ya namba saba mawili, na Mjomba huvua moja tu kwa siku! Moja lilikuwa la Mjomba, maana mfuko wa kushoto kifuani umeshonwa ukafungwa kabisa. Bibi ndiye aliyeishona mifuko ya kushoto ya makoti yake yote, kwa hasira, baada ya kalamu za mwanawe kuvuja na kuchafua nguo za watu. Mjomba alilalamika weee, mpaka akachoka. Lile koti la pili mfuko wake ulikuwa wazi.

"Tusikimbilie kusema," Bibi alisema. "Tuone kwanza kamera iliona nini. Macho yangu hayafiki mbali, utanionea wewe."

Ndiyo maana sasa tenga lilikuwa limeegeshwa kwenye kona ya chumba cha mkutano, na Bibi anajifanya kutundika makoti ya wakubwa. Kiroboto alichungulia kwenye upenyo. Meneja amenuna. Naibu anatabasamu. Mjomba kajikunyata. Kwenye skrini, mwizi mwenye kofia na barakoa akachomoa flashi ya michoro kwenye kompyuta, akageuka, akaitia kwenye mfuko wa kushoto kifuani.

"Simamisha hapo hapo!" Kiroboto akachomoka, makoti yakaruka huku na huku.

"Huyu kunguni katokea wapi?" naibu akafoka.

"Kiroboto, siyo kunguni! Meneja, shikamoo. Naomba utie kalamu yako kwenye mfuko wa kushoto wa Mjomba."

Meneja akajaribu. Kalamu ikagoma. Akajaribu tena. "Umeshonwa tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," Mjomba akasema, macho yanaanza kumtoka.

"Basi hili la nani?" Bibi akainua lile koti chafu la pili la namba saba. Kisha akakunja uso. Kile kimstari cha juu cha saba kilikuwa kimechujuka kidogo, na dobi hawezi kuona wino uliochujuka akaukalia kimya. Akachovya kidole kwenye glasi ya maji ya meneja, akatoa kipande cha sabuni mfukoni, akasugua. Kimstari kikatoka chote. Ikabaki moja.

Namba moja ni naibu. Bwana mkubwa alijua kuiba, ila mazoea yakamponza: koti likichafuka, analitupia dobi.

Naibu akakurupuka mlangoni. Kiroboto akalipiga tenga teke, magurudumu yakaitika, na naibu akaingia humo kichwa chini, miguu juu. Flashi ikamtoka mfukoni, ikadondoka sakafuni.

"Msimkunjekunje," Bibi akawaambia walinzi. "Mimi simpigi pasi huyo."

Hata meneja alicheka, kisha akamwomba Mjomba radhi mbele ya watu wote. Mjomba akamkumbatia mama yake, akambana kwa nguvu, akilia na kucheka kwa pamoja. Kiroboto akajipenyeza katikati, furaha imemjaa hadi kooni.

Ghafla Bibi akajitazama. Kalamu iliyokuwa kwenye mfuko wa kulia wa Mjomba ilikuwa imevujia gauni lake. Akachomoa sindano kwenye kilemba, akamkazia macho mwanawe.

"Shona, Mama," Mjomba akasema. "Shona yote."