Majina ya Picha za Bi Fawziya

Picha zote zilisalimika. Wasan alizinakili mwenyewe kwenye diski ya pili, maelfu ya picha za ukoo tangu Unguja mpaka Ibra, Omani, akaona kazi imekwisha. Katalogi, alimoandika kila uso ni wa nani, ilibaki kwenye kompyuta tu. Alijisemea ataitolea nakala siku nyingine. Kompyuta ikafa, fundi wa Nizwa akashindwa kuifufua, na majina yakapotea nayo.

Majina hayo aliyapata kwa shangazi yake, Bi Fawziya, wa mwisho aliye hai kati ya waliowajua watu wale. Msimu mzima wa baridi Wasan alimwendea Ibra kila Ijumaa, mmoja anataja, mwingine anaandika.

"Umeyaweka pazuri?" Bi Fawziya aliwahi kumuuliza.

"Pahala pawili, shangazi."

Sasa alirudi na kompyuta mpya, akamwamkia, akafungua picha kama kwamba ndiyo kwanza wanaanza.

"Huyu nani, shangazi?"

Bi Fawziya akamkazia macho. "Si Hamda huyu, mke wa Azzan? Sijakwambia?"

"Bado," Wasan akajibu.

Baada ya picha chache, Bi Fawziya aliweka chini kikombe cha kahawa. "Na huyu pia sijakutajia? Nami naona nilikuhadithia mpaka harusi yake." Akajishika kipaji cha uso. "Nisamehe, mwanangu. Kichwa kinaniacha. Mama naye alianza hivi hivi. Wallahi, usimwambie kijana wangu Humaid, atanihamishia kwake Sur."

Wasan aliacha kuandika. Angenyamaza tu, majina yangerudi na hakuna ambaye angejua.

"Kichwa chako kizima, shangazi. Uliniambia yote. Nimeyapoteza mie kwa uvivu, nikaona haya kukwambia."

Bi Fawziya akasema, "Majina si kitu, nitayataja tena. Lakini umeniacha nikajikhofu, nawe unanitizama."

Hakumfukuza. Waliendelea mpaka alasiri, yeye akitaja kwa mkato, bila ya hadithi hata moja. Walipofika kwa kijana aliyeegemea baiskeli, alitizama sana, akatikisa kichwa. Huyo kweli hamkumbuki.

Wasan alikumbuka kwamba mara ya kwanza shangazi yake alimtaja kijana huyo huku akicheka mpaka machozi. Jina lenyewe hakulishika. Akaandika: hajulikani.