Mkono wa Fundi

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha ushauri, yeye, mkewe na binti yao waliambiwa wacheze muziki, na fundi cherehani, mtu mzima na mvi zake, akazungushwa chumba kizima kama pia. Alivumilia. Leo mshauri wa familia alikuja na jambo lililomtisha kuliko muziki wote.

"Leo binti atawafinyanga," alisema, amesimama peku juu ya mkeka. "Mwili wako ni udongo. Atakuweka jinsi anavyokuona nyumbani. Ukishawekwa, husemi, husogei."

Fundi alijikaza kisabuni, akatabasamu. Binti yake alikuwa amehamia kwa mama yake mdogo tangu ile siku ya makelele na sahani kuvunjika, na leo, kikao kikiisha, angesema kama anarudi nyumbani au harudi. Ataniweka nje ya mlango, fundi aliwaza. Nimekwisha.

Binti alianza na mama yake. Akamwinamisha, uso ukutani, mikono ikiosha vyombo visivyokuwepo. Mama alijiachia tu. Kisha ikawa zamu ya baba.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Fundi, ambaye kutwa nzima hupima mabega ya watu, mwenyewe hakujua kushikwa. Binti alivuta mkono, mkono ukagoma.

"Udongo, mzee," mshauri akamkumbusha.

Akalegea. Vidole vya mwanawe vilimgusa kama mtu anayegusa pasi asiyejua kama imepoa, na fundi aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Mkono wake ukapandishwa juu ya kichwa, kiganja wazi, ukaachwa huko.

Sijawahi kumpiga mtu! alitaka kupayuka. Na ni kweli, hakuwahi. Aliunyanyua tu, kila alipokasirika, akiamini kwamba mkono usioshuka hauna kosa.

"Sasa badilisha kitu kimoja," mshauri alimwambia binti, "ili na wewe uweze kusimama katika nyumba hiyo."

Bega lilimuuma. Nishushe mkono, mwanangu, aliomba kimoyomoyo, nishushe yaishe. Binti akampita. Akaenda kwa mama yake, akamnyoosha mgongo, akamshika mashavu na kumgeuza taratibu mpaka macho yakatua kwenye ule mkono. Kisha akasimama ubavuni pake.

Mama alitazama. Miaka yote ya ndoa yao, mkono ule ukipanda, yeye hupata sufuria la kusugua. Sasa hapakuwa na sufuria. Masharti ya udongo akayasahau.

"Shusha mkono, mume wangu."

Fundi aliushusha, asijue auweke wapi. Alimgeukia binti yake, mdomo wazi, tayari kuahidi chochote atakachotakiwa.

Lakini binti hakuwa akimtazama yeye.

"Na nyumbani, mama," aliuliza, "utasema hivyo?"