Kompyuta Isiyozimwa

Baba ndiye aliyeizima. Nalisema mapema ili mtu asije akaninyooshea kidole, maana nyumbani kwetu kitu kikiharibika macho yote hunigeukia mimi kwanza.

Ilikuwa kompyuta ya dada yangu, ya kukunja, na tangu alipofariki haikuwahi kuzimwa. Dada alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mchana ule alikaa kwenye meza ya kulia chakula akitunga jaribio la sayansi la darasa la sita. Karatasi za printa zikamwishia, akatoka mara moja kwenda kununua, na pikipiki ikamgonga mbele ya duka. Kompyuta aliiacha wazi, swali la nane likiwa nusu: "Eleza kwa nini", basi, na kile kijistari kinapepesa pembeni.

Mama akapiga marufuku. Mtu asiifunge, asiichomoe, asibonyeze hata kitufe kimoja. Tukahamia jikoni, tukawa tunakula tumebanana, sahani mapajani, meza tumeiachia mashine. Umeme ukikatika, Mama anavuta kiti na kukaa karibu nayo akiomba betri isiishe. Kila asubuhi anaipangusa vumbi kwa kitambaa laini, taratibu, kama anamfuta mtoto uso. Mimi nilipolala na homa wiki nzima, aliyenipangusa ni shangazi.

Niliwahi kumwambia, "Mama, kuna kitufe cha kuhifadhi. Tukikibonyeza, hata ikizimika maandishi yatabaki." Akanijia juu, eti nataka kumfutia mwanawe. Nikafyata mkia. Kupiga picha ya simu hakukumjia yeyote akilini. Nani hupiga picha meza ya nyumbani kwake?

Pamoja na yote hayo, Mama hakuwa ameyasoma maandishi yenyewe. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Alichokiona pale ni mwanga na michirizi. Baba akitaka kumsomea, anakataa katakata. "Nitasoma mwenyewe nikipona," anasema. Kwa ajili ya ukurasa ule alikubali upasuaji alioukimbia miaka nenda rudi. Wakamfanyia, ukaenda vizuri, akabaki siku kadhaa kwa shangazi karibu na hospitali. Alikuwa arudi Jumamosi, na kwenye simu hakuwa na habari nyingine: anakuja kumsoma mwanawe.

Ijumaa asubuhi nikamkuta Baba amesimama mbele ya meza, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Kuna kidirisha kilitokea," akasema. "Kimekaa juu ya maandishi yake. Kinataka kusasisha sijui nini. Nikataka kukiondoa."

"Ukabonyeza wapi?"

"Pale penye ndiyo."

Baba ni mtu wa kusema ndiyo. Wachuuzi wa vyombo wote mtaani wanamjua. Kompyuta ilikuwa imejizima, ikajiwasha, na sasa ilionyesha nembo ya kampuni, vidoti vikizunguka, kisha skrini ya buluu yenye sentensi ya kuomba radhi, kisha giza. Halafu nembo tena. Baba alikuwa ameshaminya kitufe cha kuwashia sijui mara ngapi kabla sijaamka.

Nitasema ukweli. Nilichokisikia kwanza moyoni ni nafuu. Nikawaza: leo tutakula mezani. Kisha nikamwona Baba anakiminya tena kile kitufe, nikaona aibu, nikaenda kutafuta begi.

Fundi tuliyempelekea ana kibanda chembamba kama korido, na juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu kwamba anafufua kompyuta zilizokufa. Kwa siku ile niliona ni utani usio na adabu. Yeye mwenyewe ni mtu wa maneno mengi.

"Apdeti hizi, mzee," akamwambia Baba, "ni kama mgeni anayekuja kukusaidia kupanga nyumba. Akiondoka, hujui hata kijiko kiko wapi."

Baba akacheka kidogo kwa heshima. Mimi sikucheka.

Fundi akafungua skrubu za chini, akachomoa betri, akachomoa kile kipande cha kumbukumbu na kukisugua vijino vyake vya madini kwa kifutio cha penseli. Akarudisha, akawasha. Nembo, vidoti, buluu. Akachomeka flashi yake na kuiwasha mashine kupitia hiyo, akakagua diski kwa muda mrefu huku akipiga mluzi. "Diski nzima," akasema. "Mgonjwa wenu ana mafua tu." Akaingia kwenye menyu ya matengenezo na kuiamuru iliondoe lile sasisho la mwisho. Mashine ikanguruma. Baba alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili na hakupepesa.

Ikawaka. Picha ya nyuma ya skrini ikatokea, dada na wanafunzi wake wamepanga mstari. Baba akasema "Alhamdu..." na sauti ikamkatikia hapo. Fundi akageuza mashine itutazame, uso umemjaa furaha. "Kila kitu kipo. Angalieni. Picha, mitihani ya muhula uliopita, kila kitu."

"Ukurasa uliokuwa wazi uko wapi?" nikauliza.

"Uliitwaje?"

"Haukuitwa. Haukuhifadhiwa."

Furaha ikamtoka usoni. Lazima niseme alijitahidi. Aliacha wateja wengine wamesimama mlangoni, akapekua kila kona. Akatueleza kwamba programu ya kuandikia hujiwekea nakala ya dharura yenyewe, ila kwenye kompyuta hii sehemu hiyo ilikuwa imezimwa. "Watu huizima sehemu hiyo mashine ikiwa nzito," akasema. "Pengine aliizima mwenyewe." Akamtazama Baba, akaacha mizaha. "Mzee, nisikudanganye. Kilichokuwa hakijahifadhiwa kimekwenda. Hata mimi siwezi."

Tulipofika nyumbani, Baba akaiweka kompyuta pale pale mezani, akaifungua, akavuta kiti cha dada.

"Kaa," akaniambia.

"Nikae nifanye nini?"

"Uandike. Wewe unayakumbuka. Mimi nayakumbuka. Tukisaidiana yatakamilika."

"Baba, huo ni uongo."

"Najua ni nini." Alikuwa analia sasa, bila kujificha. "Amekubali kupasuliwa jicho, mwanangu. Wewe utamwambia? Mwambie wewe, basi. Mimi sina mdomo huo."

Nikakaa. Nilikuwa sijawahi kukalia kiti kile tangu msiba. Nikafungua jaribio la muhula uliopita nione dada alivyokuwa akipanga kichwa cha habari na nafasi za majibu, nikaiga. Swali la kwanza, sehemu za ua. La pili, vyanzo vya maji. Baba anataja, mimi naandika. Mimi nikisahau, yeye ananikumbusha. Tukibishana, tunalifuata neno lililokuwa rahisi zaidi, kwa kuwa dada hakupenda kuwatisha watoto. Likaja la tano, likaja la saba, na lile la nane lililokatika. La sita hatukulipata. Baba alifumba macho, akatembea chumbani, akarudi. Lilikuwa refu, alikumbuka hilo tu, lilikuwa na mistari mitatu.

"Tunga," akasema.

"Mimi si mwalimu."

"Tunga, mama. Mistari mitatu tu."

Nikatunga. Sikufikiri sana, nilitazama skrini iliyokuwa tupu mahali pale, na hasira yangu yote ya miezi ile ikashuka vidoleni. Nilipomaliza, Baba hakuomba kusoma. Nikabonyeza kuhifadhi. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Jumamosi Mama aliingia na miwani myeusi, shangazi amemshika mkono. Hakukaa, hakunywa hata maji. Alikwenda moja kwa moja mezani, akavua miwani, akasimama akiitazama ile mashine kwa mbali, kisha akakaa. Baba alikuwa mlangoni, ameegemea fremu, amekuwa rangi ya majivu. Mimi nilisimama nyuma ya kiti.

Mama akaanza kusoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari bila kugusa kioo. Alisoma kama mtu aliyekuwa amesahau kusoma. Sehemu za ua. Vyanzo vya maji. Kila swali akilimaliza anatikisa kichwa, machozi yanashuka, anaendelea. Nikajikuta namwomba Mungu asigundue, na kabla sijamaliza kuomba, namwomba agundue. Ageuke tu. Anione, hata kama ni kwa kunifokea.

Akafika la sita.

"'Mimea miwili imepandwa kwenye kopo moja. Mmoja uko upande wa dirisha. Wa pili uko nyuma yake, na jua haliufikii. Eleza yatakayoupata mmea wa nyuma.'"

Akarudia kulisoma, safari hii kwa sauti ya chini. Baba akainua macho akanitazama, na nikajua ameelewa.

"Jamani," Mama akasema. Alikuwa anatabasamu. Tangu msiba sikuwa nimemwona akitabasamu. "Msikieni mwanangu. Wenzake wanauliza vitu vya kukariri, yeye anawataka watoto wafikiri. Hakuna mwingine ndani ya nyumba hii angeweza kutunga swali kama hili."

"Hakuna," akaitikia shangazi.

Mama akaunyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akanipapasa mpaka akanipata kiganja.

"Wewe uliyelala naye chumba kimoja. Jibu lake ni nini? Mmea wa nyuma unakufa?"

"Haufi, Mama. Unarefuka kuutafuta mwanga. Unakuwa mwembamba, majani yanapauka, lakini haufi."

"Aa," akasema. Akauachia mkono wangu, akakisogeza kiti karibu zaidi na skrini, na kuendelea na swali la saba.