Nguo Haiingii Majini

Bi Tufaha hakuwa mtu wa kupindisha jambo. Ukimwambia mlango ufungwe saa mbili, saa mbili kamili utasikia komeo. Kwa hiyo Mister Morita, Mjapani aliyesimamia ghorofa ya nne ya ile hoteli ya Al Garhoud, Dubai, alipomkabidhi hamamu ya wanawake, alijua amempa mtu wa kazi. Alimsimamisha mbele ya ubao wa masharti, akampitisha moja moja. Masharti yalikuwa matano, kila moja na picha yake kwa asiyejua kusoma. Kaa kwenye kigoda ukoge kwanza kwa sabuni, ujisuuze. Nywele zisiguse maji. Usipige mbizi. Usipige kelele. Na la tano, picha ya nguo iliyokatwa kwa mstari mwekundu: nguo haiingii majini.

"Kwetu," Mister Morita alimwambia, "watu wanasafiri mbali kwenda nyumba za wageni za milimani, kwenye maji ya moto yanayotoka ardhini. Hawafuati kitu kingine, wanafuata kuingia majini. Nataka mgeni akifumba macho hapa ajione yuko kule."

Bi Tufaha aliyashika masharti yale kama alivyoshika masharti ya udhu chuoni, mtoto wa miaka saba, huko kwao Wete. Darasa la saba alilomaliza halikumpa Kiingereza kingi, lakini Kiingereza cha hamamu alikuwa nacho chote. Sharti la tano ndilo lililompa tabu mwanzo. Yeye ni mtu wa buibui na wa sala tano, na wanawake wanapita mbele yake kama walivyozaliwa. Wiki nzima ya kwanza alitazama chini, akawa anawajua wageni kwa visigino. Baadaye alizoea kiasi, akajiambia kazi ni kazi, na amri ya mwenye nyumba ifuatwe.

Akaifuata kuliko wenyewe. Walikuja wanawake wa Beirut, wa Manila, wa Alexandria, wamevaa nguo za kuogelea, naye akawasimamisha mlangoni kwa adabu na kidole chake kikaelekea kwenye picha.

"Lakini hii mpya, mama! Haijaguswa na maji."

"Hata ikiwa mpya, madam. Samahani sana."

Wakacheka, wakaguna, wakaondoka. Wakaingia Wajapani wawili watatu waliokuwa wakingoja ndege, na siku nyingine hakuingia mtu.

Monicah, Mkenya msimamizi wa zamu, alimjia siku moja na daftari kwapani. "Mama Tufaha, jana umefukuza wangapi?"

"Sikumfukuza mtu. Niliwaonyesha picha."

"Na baada ya kuona picha?"

"Wakaenda zao."

"Aki wewe! Hata polisi wa airport hawako strict hivyo." Monicah akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sikiza, mum. Wakubwa wamekaa kikao. Ikifika mwisho wa mwezi hakuna watu humu, maji yanatolewa, wanaweka mashine za mazoezi. Na wewe unarudi chini."

Chini ni londri, kunakofuliwa mashuka. Bi Tufaha alikuwa amekaa huko miaka sita, tangu alipomaliza eda ya mumewe Zahor na kupanda ndege akiwa hana mtoto wa kumuaga. Londri ni mashine kumi na nne zinazonguruma pamoja. Watu wanaziba masikio na kuonyeshana kwa vidole. Mtu huingia alfajiri na kutoka alasiri bila kuambiwa neno. Na akirudi Bur Dubai, kwenye chumba chenye vitanda vinne, wenzake wote wako kazini. Anna aliyelala kitanda cha juu yake, mtu wa Mwanza, alimjua zaidi kwa kikombe chake cha chai kuliko kwa uso. Alikikuta mezani bado kina uvuguvugu, akakiosha, akakifunika. Kesho yake akakikuta tena.

Ghorofa ya nne wanawake walimwuliza jina. Walikaa kwenye benchi na mataulo kichwani, wakimwonyesha kwenye simu wajukuu wa huko walikotoka. Ilipokuwa zamu yake, alikuwa mtu miongoni mwa watu. Hicho ndicho alichoogopa kunyang'anywa, na mwezi ule wote usingizi ulimpaa kwa jambo hilo.

Basi Jumatatu Monicah akaja na habari. "Kuna bibi wa Kijapani, chumba mia sita na nne, analala usiku mbili. Mister Morita anasema kwao ana nyumba ya wageni yenye maji ya moto. Akipenda hapa, atawaambia wenzake wenye vikundi vya watalii. Huyo mshike vizuri, mum. Huyo ndiye mkate wako."

Bi Kinue alikuja baada ya alasiri. Mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka sabini hivi, mgongo umenyooka. Aliinama mlangoni, akamwinamia hata Bi Tufaha, jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi. Akakaa kwenye kigoda cha mwisho kabisa, ameelekea ukutani, akakoga taratibu na kujisuuza mara tatu. Bi Tufaha alimtazama kwa mbali akaridhika. Hapa pamepata anayejua.

Alipoinuka kuelekea majini alikuwa amevaa kijinguo chepesi cha rangi ya chai, kimefungwa fundo shingoni na kushuka mpaka mapajani.

Bi Tufaha akasita. Akamfikiria Mister Morita, akaufikiria mwisho wa mwezi. Huenda bibi huyu anajaribu tu kuona kama masharti yanashikwa. Akasogea.

"Samahani, madam. Nguo haiingii majini." Akaonyesha picha.

Bi Kinue akaitazama picha muda mrefu. Kisha akamtazama Bi Tufaha, akainama tena, chini zaidi kuliko mara ya kwanza, akapeleka mkono shingoni akafungua fundo.

Titi la kushoto halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mshono uliotoka kwapani ukaja mpaka katikati ya kifua, ngozi imekunjamana kama karatasi iliyokunjwa ikakunjuliwa. Hakujiziba kwa mkono. Alikikunja kijinguo chake mara mbili, akakiweka juu ya kigoda, akaingia majini mpaka shingoni na kukaa ameelekea ukutani. Hazikupita dakika tano akatoka.

"Asante," alisema. Chai ya baridi aliyowekewa hakuigusa.

Bi Tufaha alipiga deki sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Magharibi ikaingia, akaenda kusali kwenye kile chumba kidogo cha wafanyakazi, na alipokuwa katika sijida akamkumbuka wifi yake Jokha. Alimwosha yeye mwenyewe, Jokha, siku alipofariki. Walimtandika kitambaa kutoka kifuani mpaka magotini, mkono wa mwoshaji ukapita chini yake, maji yakamiminwa juu yake, na ukimwondoa mwoshaji na msaidizi wake hakuna aliyeona kitu. Maiti hajui wala hasikii haya, na bado alisitiriwa.

Na huyu aliye hai nimemvua mimi, aliwaza. Mimi nisiyefungua buibui mbele ya dirisha.

Alikaa juu ya mkeka mpaka Monicah akapiga mlango.

Jumanne alimngoja. Saa tisa, saa kumi, saa kumi na moja. Kila mlango ukilia aliinuka. Hamida, Mzanzibari mwenzake aliyesafisha vyumba vya ghorofa ya sita, alipita kuchukua mataulo.

"Hamida mwanangu, yule bibi wa mia sita na nne umemwona?"

"Nimemwona, Bi Tufaha. Katandika kitanda mwenyewe, miye sikuwa na la kufanya. Kakaa dirishani anatazama ndege zinavyopaa. Kuna kinguo cha rangi ya chai kakianika juu ya kiti, kikavu, kila saa anakigeuza."

Bi Tufaha akamtafuta Monicah akamweleza yote, sauti ya chini. Monicah alimsikiliza mdomo wazi.

"Woi! Na amelalamika?"

"Hajasema kitu."

"Basi nyamaza! Mgeni hajasema, wewe useme? Kesho ameshapanda ndege. Ukienda kwa Morita, mum, hutangoja mwisho wa mwezi. Utarudi chini kesho."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Najua nitarudi chini." Bi Tufaha akauweka sawa mtandio wake. "Lakini bibi yule anaondoka hapa akidhani maji hayamtaki. Mie sitaki kwenda mbele ya Mola na hilo."

Mister Morita alikuwa anakula chakula chake mezani. Alimsikiliza, vijiti vikabaki hewani.

"Nguo ya rangi ya chai?" aliuliza. "Fundo shingoni?"

"Ndiyo, sir."

Akaviweka vijiti chini. "Nguo ile imeshonwa kwa ajili ya majini. Kwetu kuna nyumba za wageni zinaiuza mapokezi. Ni kwa wanawake waliopasuliwa. Mtu akiivaa, anaachwa aingie nayo."

"Kwenye ubao haipo, sir."

"Haipo." Alitazama sahani yake. "Ubao niliuandika mimi. Niliandika kama nilivyofundishwa nikiwa kijana, na kijana hakumbuki wagonjwa." "Lazima nimwombe radhi. Na jambo lenyewe lazima niliandikie makao makuu. Wataniuliza nani alikuwa zamu."

"Mie. Tufaha binti Mundhir. Andika, sir."

Mister Morita akamtazama. Akaandika.

Jumatano, siku ya kuondoka, Mister Morita akiwa ameshamwomba radhi, Bi Kinue alikuja saa nane. Picha ya tano ilikuwa imebanduliwa ubaoni, pamebaki gundi. Alikoga kama juzi, kwenye kigoda kilekile, akainuka na kijinguo chake. Alipofika ukingoni akamwona Bi Tufaha amesimama, akainama, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye fundo.

Bi Tufaha akauwahi ule mkono. Hakuna aliyemfundisha kumshika mgeni, na hairuhusiwi, lakini alikuwa ameshaushika. Akaushusha taratibu, akalikaza fundo lililoanza kulegea, kama unavyomfungia mtoto.

"Ingia hivyo hivyo, madam. Nisamehe. Sikujua."

Bi Kinue akaingia. Alikaa ameelekea ukutani kama siku ile, kisha akageuka. Maji yalikuwa yake peke yake, bwawa zima la kutosha watu ishirini. Akapiga maji kwa kiganja, pembeni yake.

"Wewe. Njoo."

"Siwezi, madam. Mfanyakazi haingii."

"Hakuna mtu."

"Hata hivyo." Bi Tufaha akaona amwambie kweli yote. "Na mie sikogi mtupu. Hata nyumbani peke yangu nakoga na kanga." Akaonyesha kwa mikono, nguo kutoka kifuani mpaka chini.

Bi Kinue akamtazama, akaelewa, akaziba mdomo akacheka. Alicheka mpaka maji yakatikisika. "Wewe na nguo! Na mimi, vua!"

"Ndiyo, madam," alisema Bi Tufaha, uso umemwiva. "Mie na nguo."

Akavuta kigoda akakaa ukingoni, karibu. Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza, lakini Bi Kinue alikisema polepole. Kwao kuna theluji. Kila jioni, wageni wakishakula na kulala, wanawake watano wa jirani huja kuingia majini pamoja naye, tangu wakiwa maharusi. Wanasemana, wanasuguana migongo. Baada ya kupasuliwa aliacha. Walikuja kumgongea mlango, akawaambia ana mafua. Miaka miwili ana mafua. Kijinguo alikishona mwenyewe na hakukivaa. Akafikiri, nitakwenda mbali, mahali hakuna anayenijua, nianzie huko.

"Ukanikuta mie," alisema Bi Tufaha.

"Nikakukuta wewe."

Kisha Bi Kinue akageuza mgongo wake kwenye ukingo, akachukua kitambaa kidogo cha kusugulia alichokuwa amekiweka kichwani, akakinyoosha nyuma bila kutazama. Bi Tufaha akakipokea. Akakunja mikono ya sare mpaka kwenye viwiko, akamsugua mgongo, juu ya nguo palipo na nguo, na juu ya ngozi palipo na ngozi, kwa nguvu kidogo kama wazee wanavyopenda.

"Wale watano," alimwuliza, "bado wanakuja?"

"Kila jioni taa yao naiona. Wanakuja."

"Basi ukifika, usiwaambie mafua."

Simu ya ukutani ikalia, mapokezi wanasema gari ya uwanja wa ndege imefika. Bi Kinue alitoka majini, akajifuta, akavaa. Mlangoni akainama na Bi Tufaha naye akainama, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, akiona tabu ya mgongo. Mlango ukajifunga.

Monicah alikuja baada ya robo saa, hakukaa. Alisimama akichezea kalamu.

"Makao makuu wamejibu. Hamamu inabaki, wanaagiza hizo nguo. Analetwa dada mmoja kutoka Manila, amesomea hii kazi." Akameza mate. "Wewe kesho, saa kumi na mbili, chini. Pole, mum. Si nilikuambia?"

"Uliniambia, mwanangu."

"Hata hukasiriki?"

"Nitakasirika kesho. Leo bado nina saa tatu."

Monicah akaondoka. Bi Tufaha akakirudisha kigoda kwenye mstari wake, akaosha kikombe cha chai ya baridi ambacho leo kilikuwa kimenywewa mpaka chini, akaokota unywele mmoja mweupe kwenye mfereji. Akapiga magoti ukingoni, akatia kipimo majini, akangoja mpaka kitulie. Kwenye karatasi iliyoning'inia ukutani akaandika saa tisa na nusu, nyuzi arobaini na moja, na jina lake. Kisha akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, akiangalia mlango, kwa kuwa mgeni akija lazima amkute mtu.